Pembe Bila Tembo: Kuyasoma Maisha ya Tippu Tip Kandokando ya Ziwa Mweru

Katika vitabu vya nathari tunavyowasomesha wanafunzi wa madarasa ya juu, vichache vimepata heshima kama ile ya Maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip. Mwenyewe aliyaandika uzeeni, mjini Unguja, kwa herufi za Kiarabu, baada ya kuhimizwa na Heinrich Brode, Mjerumani aliyekuwa akitumika katika ubalozi wa nchi yake huko. Brode akayahamisha katika herufi za Kirumi na kuyapigisha chapa Berlin mwaka 1902 na 1903. Baadaye W. H. Whiteley aliyatoa tena pamoja na tafsiri ya Kiingereza, na kwa njia hiyo yakaingia vyuoni na mashuleni mwetu.

Sifa zake za fani zinajulikana, wala hatuna haja ya kuzirudia kwa kirefu. Sentensi zake ni fupi na hazibebi mapambo. Watu husema, hujibu, huondoka. Mwandishi hajipi kazi ya kutueleza moyo wake, na mara nyingi jambo zito hulipitia kwa maneno machache mno. Mwalimu anayetaka kumwonyesha mwanafunzi kwamba Kiswahili kizuri hakihitaji kuvalishwa maneno makubwa hapati mfano ulio bora zaidi. Hayo tunayakubali, na lolote tutakalosema hapa chini lisichukuliwe kuwa ni kukitupa kitabu.

Swali lililotufanya tuandike makala haya liliulizwa na mwanafunzi mmoja, wala hakuwa miongoni mwa wale wanaokaa mstari wa mbele. Tulikuwa tukisoma habari za vita vya Nsama. Akanyanyua mkono akasema: "Mwalimu, pembe nimeziona. Tembo wenyewe wako wapi?" Darasa likacheka. Sisi nasi tulicheka, kisha jioni ile tukakirudia kitabu tangu ukurasa wa kwanza, na kadiri tulivyosoma ndivyo kicheko kilivyotuisha.

Yafaa kwanza tuikumbuke sehemu yenyewe. Mwaka 1867 Tippu Tip, angali mtu wa makamo ya ujana, aliingia nchi ya Itahua, iliyoko baina ya Ziwa Tanganyika na Ziwa Mweru. Nchi hiyo ilitawaliwa na Nsama, mfalme aliyeogopwa pande zote, ambaye kabla ya hapo alikwisha kuwashinda wafanyabiashara wengine wa pwani. Palipigwa vita, Tippu Tip akajeruhiwa kwa mishale, na bunduki zikaamua. Mji ulipotekwa, mwandishi anatupa hesabu ya alichokikuta: frasila 1,950 za pembe, frasila 700 za shaba, na chumvi isiyo na hesabu. Baada ya hapo anaendelea na safari yake.

Hapo ndipo mwalimu anapopaswa kusimama, hata kama kengele inakaribia kulia. Frasila moja ni ratili 35, sawa na kilo 16 hivi. Frasila 1,950, basi, ni zaidi ya tani 31. Tuchukue kwamba kila pembe moja ilikuwa na uzito wa frasila nzima, na huko ni kukadiria pembe nzuri. Basi hao ni tembo 975. Tukichukua nusu ya frasila kwa kila pembe, hesabu inakuwa nyepesi zaidi na ya kutisha zaidi, maana kila frasila inageuka kuwa tembo mmoja mzima: tembo 1,950. Bila shaka hawakuuawa kwa msimu mmoja. Lile lilikuwa ghala la mfalme, nalo lilijaa kwa miaka mingi, kwa kuwa katika falme nyingi za pande hizo pembe iliyolalia ardhi tembo alipoanguka ilikuwa haki ya mtawala. Lakini tulipowapa wanafunzi kazi ya kuigeuza sentensi ile moja kutoka frasila kwenda vichwa, hakuna aliyeisoma tena kama alivyoisoma mwanzo. Ili wapate cha kulinganisha, tuliwaambia kwamba hesabu iliyofanywa kwa ndege mwaka 2015 ilikuta tembo 21,758 katika Zambia nzima.

Je, ni kweli kwamba kitabu hakimjui tembo? Tusizidishe. Anatajwa, ila hutajwa kama mti utajwavyo na mwenye kutaka mbao. Hatukukuta mahali ambapo mwandishi anasimama kumtazama mnyama akiwa hai, anywe maji au aongoze watoto wake. Sehemu inayofichua zaidi ni ile ya Utetera, mbali magharibi, ambako anawakuta watu wanaowinda tembo kwa ajili ya nyama, na pembe wanazitumia kwa uzio na kwa kutwangia ndizi. Jambo hilo linamshangaza Tippu Tip kupita vita vyote alivyoviona. Kinachomshangaza ni kwamba kuna watu duniani ambao kwao pembe haijawa frasila bado. Na sisi wasomaji wake wa pwani, kwa miaka mingi, tumeshangaa pamoja naye bila ya kujiuliza ni nani hapo mwenye jambo la kushangaza.

Wenzetu wengine watasema kwamba tunamdai mfanyabiashara aandike kama mtaalamu wa wanyama. Hapana. Tunachosema ni kwamba fani na maudhui katika kitabu hiki ni kitu kimoja. Ufupi ule tunaousifu ni ufupi wa daftari la duka. Mwandishi hupima, huhesabu, huandika jumla, hufunga mstari. Kwa kalamu hiyo hiyo wanapita wapagazi na watumwa waliozibeba pembe mabegani kutoka Itahua hadi pwani. Nao pia hawana majina wala nyuso, isipokuwa pale wanapotoroka. Kimya juu ya binadamu kimeanza kuvunjwa. Abdulrazak Gurnah, katika riwaya yake Paradise ya mwaka 1994, iliyotolewa kwa Kiswahili kwa jina la Peponi mwaka 2022, analichukua bara lile lile la misafara na kulitazama kwa macho ya kijana aliyewekwa rehani. Kimya juu ya tembo, kwa kadiri tuonavyo, hakijaguswa katika fasihi yetu.

Lugha yenyewe inatoa ushahidi. Kamusi zetu zimehifadhi neno buri, yaani pembe kubwa, na kalasha, yaani pembe ndogo. Madalali wa Unguja walitenga bab Ulaya, pembe ya kupelekwa Ulaya, na bab Kachi, ile ya kupelekwa Bara Hindi. Hayo ni maneno manne, na bado hatujaingia ghalani vizuri. Sasa tutafute majina ya mnyama mwenyewe kwa umri na cheo chake. Tunayo ndovu na tembo. Baada ya hapo tunaanza kuunga maneno: mtoto wa tembo, jike la tembo, dume la tembo. Jike kongwe linaloongoza ukoo halina jina katika Kiswahili sanifu. (Zaidi ya hayo, wanafunzi wageni hulichanganya neno tembo na lile la pombe ya mnazi, na kila mwaka hupatikana mmoja anayeandika kwamba babu yake alikunywa mnyama.) Lugha ya watu walioishi kwa biashara ya pembe imempasua tembo katika vipande vya kuuzwa, ikamwacha aliye hai na majina mawili tu.

Mwishoni mwa mwezi wa Julai mwaka mmoja tulipata kufika Mwansabombwe, makao ya Mwata Kazembe katika bonde la Luapula, siku za sherehe ya Mutomboko, ambapo Mwata hucheza kuadhimisha safari ya wahenga wake Walunda waliotoka magharibi. Tulikuwa na kitabu mkobani. Maana Mwansabombwe si mahali pageni katika historia ya Kiswahili. Misafara ya pwani ilifika kwa Kazembe. Mfanyabiashara Muhammad bin Salih alikaa huko miaka mingi. Na David Livingstone, aliyekutana na Tippu Tip mwaka huo huo wa vita vya Nsama na kusaidiwa naye, aliliona Ziwa Mweru na kuingia mji wa Kazembe mwezi wa Novemba 1867. Hata leo, ukisimama ufukoni Nchelenge na kutazama ng'ambo, huko Pweto na Kilwa ya Kongo lugha ya sokoni ni Kiswahili. Ndiyo, Kilwa, na kisiwa kilichomo ziwani nacho huitwa hivyo hivyo, jambo linalomfanya mtu wa pwani asimame kidogo anapolisikia.

Kijana aliyetuuzia karanga kando ya njia alilijua neno nsofu, ambalo ni tembo kwa Kibemba. Picha yake aliijua kwa kitabu cha shule. Mnyama mwenyewe hakuwahi kumwona, wala baba yake hakuwahi. Tulipomwambia kwamba nchi ya jirani iliwahi kutoa pembe za tembo elfu na zaidi kwa siku moja, alitutazama kama tunavyowatazama watu wa mjini wanaposema mambo ya shamba.

Hapa hatuna budi kuwa waadilifu. Tippu Tip hakuwamaliza tembo wa Mweru. Yeye na wenziwe walizipeleka pembe Unguja, na kutoka huko zilisafiri hadi Bombay, London na vijiji vya Connecticut kama Deep River, ambako zilipasuliwa kuwa vitufe vya piano; na baada ya yote hayo tembo walikuwa bado wengi. Mwaka 1972 serikali ya Zambia ilizitangaza kuwa hifadhi za taifa mbuga tatu za pande hizo: Lusenga, mashariki ya bonde la Luapula, Mweru Wantipa, ile Mweru ya matope, na Nsumbu, kwenye ufuko wa Tanganyika. Karibu miaka hiyo hiyo balaa kubwa lilianza. Inakadiriwa kwamba mapema katika miaka ya 1970 Zambia ilikuwa na tembo wapatao 200,000. Kufikia mwaka 1989 walibaki kama 18,000. Katika Afrika yote, waliokadiriwa kuwa milioni 1.3 mwaka 1979 walipungua hadi kama 600,000 katika miaka kumi. Bunduki za rashasha zilizozagaa na bei ya pembe katika Asia vilifanya kwa muongo mmoja kazi ambayo misafara haikuifanya kwa karne. Lusenga ilibaki mbuga yenye maporomoko mazuri ya maji na wanyama wakubwa wachache mno. Mweru Wantipa, iliyosifika kwa makundi yake, iliparama. Nsumbu wapo tembo wachache hadi sasa, na tangu mwaka 2017 pamekuwa na juhudi kubwa ya kuwalinda. Mwezi wa Oktoba 1989 mataifa yaliyokutana Lausanne yalipiga marufuku biashara ya pembe baina ya nchi na nchi, lakini ujangili ulirudi: Tanzania peke yake ilihesabu tembo 109,051 mwaka 2009, na mwaka 2014 ikahesabu 43,330.

Kwa hiyo hatumshitaki mzee wa Unguja kwa makosa ya wajukuu. Tunamshitaki kwa jambo dogo zaidi, ambalo kwa walimu wa lugha ni kubwa zaidi: alitufundisha namna ya kusema. Na hapa lawama inaturudia sisi wenyewe. Chukua daftari lolote la insha juu ya "umuhimu wa wanyamapori". Mwanafunzi ataandika kwamba tembo ana umuhimu kwa sababu huleta watalii, na watalii huleta fedha za kigeni. Mwalimu ataweka alama ya vyema. Fedha za kigeni ni nini katika sentensi hiyo kama si frasila iliyobadilishiwa nguo? Siku bei ya pembe itakapozidi bei ya utalii, insha hiyo itakuwa haina neno la kujibu.

Yako ya kujibu, nayo si mashairi. Tembo aliyekomaa hula kilo 150 hivi za majani, magome na matunda kwa siku, na sehemu kubwa ya chakula hicho hutoka bila ya kusagika. Mbegu za mng'ongo na za mvumo hubebwa tumboni mwake kilomita nyingi na kuangushwa pamoja na mbolea yake. Wakati wa kiangazi huchimba kwa miguu na mkonga katika mchanga wa mito iliyokauka, na maji anayoyafikia hunywewa na wanyama wasio na nguvu ya kuchimba. Akiondoka, msitu haufi siku ile. Hubadilika pole pole, miti fulani ikikosa wa kuipanda. Naye si wa kurudi upesi, kwa kuwa mimba yake ni ya miezi 22 na huzaa mtoto mmoja.

Lipo pia jambo la kumbukumbu, na hili walimu watalielewa pasipo kuelezwa sana. Mwaka 1993 ukame mkali uliipiga Tarangire, nchini Tanzania. Watafiti waliowafuata tembo huko waliona kwamba koo zilizotoka nje ya hifadhi kwenda kutafuta maji na malisho zilipoteza watoto wachache kuliko zile zilizobaki. Zilizotoka ziliongozwa na majike makongwe, ambayo umri wao uliweza kufika nyuma hadi ukame wa miaka ya 1958 hadi 1961. Lile lililobaki lilikuwa na majike vijana, kwa kuwa wawindaji walikwisha kuwaondoa wazee wake. Maana mwenye pembe nzito ni mzee, na mwenye pembe nzito ndiye aanzaye kupigwa.

Na huko Luangwa, katika Zambia hiyo hiyo, mwaka 1969 majike yasiyo na pembe yalikuwa kama kumi tu kwa kila mia. Mwaka 1989 yalikuwa thelathini na nane kwa mia. Wenye pembe waliuawa, wasio nazo wakaishi na kuzaa mabinti wanaofanana nao. Kitabu chetu kina pembe bila tembo, na Luangwa ikatoa tembo bila pembe.

Tuliposema hayo mbele ya walimu wenzetu, mmoja aliyekulia karibu na mbuga alituuliza kama tumewahi kuamka asubuhi na kukuta shamba la mihogo limelazwa chini. Hatujawahi. Alisema kwamba kwa mama yake tembo si fasihi, ni njaa, na pengine ni msiba. Na kwamba anayelala penye taa hana haki ya kumsifu anayekanyaga matuta ya mwenziwe. Hoja hiyo hatuwezi kuipitia haraka. Ila tunaona kwamba hata mama huyo anamjua tembo kwa namna ambayo Maisha hayamjui: anajua apitapo, saa ajapo, yupi mkali na yupi hufukuzwa kwa kupigiwa debe. Ujuzi huo, wa chuki kama wa mapenzi, ni ujuzi wa kiumbe hai. Tungetaka kuusoma kwa Kiswahili, kwa kalamu ya mtu aliyeulipia.

Watu wa Luapula wenyewe wana simulizi inayostahili kuwekwa mezani karibu na ile ya frasila. Inasemwa kwamba Nachituti, ambaye mwanawe aliuawa na nduguye Nkuba, mtawala wa wavuvi wa Kishila, alimwendea Mwata Kazembe kutaka kisasi. Alipolipiziwa, alimkabidhi Mwata kikapu cha udongo na chombo cha maji, yaani nchi na maziwa yake. Ni simulizi ya damu na ya utawala. Si ya upole hata kidogo. Lakini tazama alichokabidhi: udongo wenyewe na maji yenyewe, pamoja na vyote viishivyo humo. Aliyepokea kikapu kile alipokea pia wajibu. Mshindi wa Itahua alipokea mzigo wa kupakia. Mwalimu atakayezisoma simulizi hizi mbili katika kipindi kimoja hatahitaji kueleza mengi.

Wala bonde hilo halihitaji kufundishwa na sisi maana ya kitu kutoweka. Wavuvi wa Luapula humkumbuka mpumbu, samaki aliyekuwa akipanda mto kwa makundi makubwa kila mwaka kwenda kutaga, naye akavuliwa kupita kiasi akiwa na mayai tumboni, hata katika miaka ya 1950 kupanda huko kukawa habari ya kusimuliwa. Jina limebaki, na wazee hulisema kwa sauti nyingine.

Tunaambiana darasani kwamba ndovu hashindwi na mkonga wake, na mwanafunzi wa Dar es Salaam au Mombasa huandika maana ya methali hiyo vizuri sana bila ya kuwahi kuuona mkonga.

Tuna mapendekezo mawili tu. La kwanza ni kwa yeyote atakayeyatoa Maisha upya kwa ajili ya shule: aweke ramani inayoonyesha Itahua, Mweru na Mwansabombwe, na pale penye frasila aeleze kwa kilo na kwa vichwa. La pili ni kwa wenzetu wanaofundisha bara, na hasa wale walioko kandokando ya Mweru na Tanganyika, upande wa Zambia na upande wa Kongo. Tuleteeni maneno. Jike kongwe lenye kuongoza ukoo laitwaje huko? Dume lililotengwa laitwaje? Njia yao ya zamani, ile ambayo watoto huikuta imekwisha kukanyagwa na bibi zao, ina jina gani? Andikeni neno, lugha, kijiji, na umri wa aliyelisema. Tutayachapa katika kurasa hizi kadiri yatakavyotufikia, yale ya Kibemba, ya Kitabwa na ya Kishila kwanza, kwa kuwa wenye kuyajua ni wazee na ni wachache.